Gazi: Mti Wetu, Udongo wa Nani?

Mlango wa nakshi wa nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid hauko tena Gazi. Uko Mombasa, katika makumbusho ya Fort Jesus. Nyumba yenyewe ilibaki kijijini, ikachakaa, ikageuzwa shule, na watoto wakajifunza kusoma ndani ya kuta ambazo husimuliwa kwamba chini ya msingi wake walizikwa watu wakiwa hai. Anayeitafuta historia ya Gazi vitabuni huanzia hapo: Wamazrui, vita na Zanzibar, vita na Waingereza, Mbaruk kukimbilia kwa Wajerumani mwaka 1896. Baada ya hapo kurasa hukatika. Kijiji kinapotea zaidi ya miaka mia moja, kisha kinaibuka mwaka 2013 katika taarifa za mazingira, safari hii kikisifiwa kwa kuuza kaboni ya mikoko.

Huo mkato ndio unaonikera. Katika miaka hiyo iliyorukwa ndimo lilimoamuliwa jambo ambalo mpaka leo linampa mtu wa Gazi usingizi au linamnyima: nani mwenye mti, na nani mwenye udongo ambao mti umesimama juu yake. Pwani ya Kenya mambo hayo mawili hayajawahi kuwa kitu kimoja. Gazi inatuonyesha vizuri yalivyoachana, maana miti miwili iliyoilea, mnazi na mkoko, ilipita njia mbalimbali ikafika pamoja mahali pale pale: wanakijiji wana mti, au wana sehemu ya faida ya mti, na udongo una mwenyewe mwingine.

Kijiji kiko kaunti ya Kwale, wadi ya Kinondo, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Ukitoka Ukunda kuelekea Msambweni kwa barabara ya Lunga Lunga, unakata kushoto na muda si mrefu unanusa bahari. Wakazi wengi ni Wadigo, wamechanganyika na Waswahili na watu waliokuja kwa ndoa, kwa uvuvi na kwa kazi za mashamba. Mbele yao kuna ghuba ya maji ya kina kidogo, imekingwa upande wa mashariki na rasi ya Chale. Mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi, inashuka kutoka bara na kumwaga maji matamu ndani yake. Mikoko imeizunguka ghuba hiyo, hekta zinazopita 600. Nje ya mikoko kuna nyasi za baharini, na nje ya nyasi kuna mwamba.

Mpangilio huo ni riziki. Kusi ikishika, kuanzia mwezi wa tano hivi, mtumbwi hauthubutu kuvuka mwamba. Mvuvi asiye na chombo kikubwa hurudi ndani ya ghuba, akatega malema au akavua kwa mshipi kwenye nyasi na kando ya mikoko, akapata tafi, changu, pono na kaa wa mikokoni. Kaskazi ikirejea bahari hulala, mwamba huvukika, na pwani yote ya kusini hupokea wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa msimu, kutoka Pemba. Ghuba ndiyo akiba ya miezi mibaya, kwa hiyo anayeamua habari ya mikoko ya Gazi anaamua pia nyumba gani itapika wakati wa kusi.

Tuanze na mnazi, maana ndio uliotangulia kuwafundisha watu sheria ya mti.

Kwa desturi ya Wadigo, na ya Waswahili wengi, aliyepanda mnazi ndiye mwenye mnazi, hata kama ardhi ni ya mtu mwingine. Aliweza kuuza minazi yake na kuacha udongo. Aliweza kuiweka rehani, au kuigawa kwa watoto. Kuna hekima ndani ya utaratibu huo ambayo wengi huipita bila kuiona. Wadigo zamani walirithi kwa upande wa mama: ardhi ya ukoo ilitoka kwa mjomba ikaenda kwa mpwa, si kwa mtoto wa kuzaa. Uislamu ulipokita mizizi, baba alitaka kuwaachia wanawe kitu, kama sheria ya dini inavyomwelekeza. Mnazi ulikuwa njia ya kutoka katika mvutano huo. Udongo ulibaki kwa ukoo, na jasho la baba, lililo katika mti alioupanda kwa mkono wake, mara nyingi lilikwenda kwa watoto. Pande zote mbili zikaheshimiwa bila mtu kufukuzwa.

Lakini utaratibu huo ulitegemea kumbukumbu. Ulisimama kwa sababu wazee waliweza kutembea shambani na kusema mnazi huu ulipandwa na nani, na shahidi alikuwa nani. Haukuandikwa, na ulipokuja wakati wa karatasi haukuwa na la kuonyesha.

Kabla ya karatasi zilikuja bunduki. Mwaka 1837 Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, aliwang'oa Wamazrui katika utawala wa Mombasa. Waliosalia wakagawanyika, wengine wakaenda Takaungu kaskazini, wengine wakaja Gazi kusini. Mbaruk alitawala kutoka hapa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na mara kadhaa aliasi utawala wa Zanzibar. Akizidiwa, aliingia bara hadi ngome yake ya Mwele, vilimani. Mwaka 1882 majeshi ya Sultani Barghash, yakiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, yalimfuata huko. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu alipofariki, kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani iliweka mrithi iliyemtaka, Wamazrui wakagawanyika, vita vikawaka. Mbaruk akaingia vitani, Mwele ikachomwa, na mwaka uliofuata akavuka mpaka na wafuasi wake, Wajerumani wakampa hifadhi.

Ni kisa kikubwa, na ushujaa wake siukatai. Kinachonisumbua ni jinsi kinavyosimuliwa kana kwamba Gazi nzima ilikuwa baraza ya sheikh. Mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa. Katika majeshi ya Mbaruk mwenyewe walikuwamo watumwa na watoro. Nyumba ile ya mlango wa nakshi ilisimama juu ya kazi ya watu hao, na hata kama hadithi ya waliozikwa msingini haina ushahidi mwingine zaidi ya vinywa vya wazee, mimi naiona kuwa namna ya kijiji kukumbuka kile ambacho vitabu vya vita havikukiandika. Kijiji ambacho kinaendelea kusimulia juu ya watu chini ya msingi hakijasahau utumwa.

Sasa zitazame tarehe mbili zinazofuatana. Mwaka 1907 serikali ya Kiingereza ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa katika ukanda wa pwani, na fidia ikaenda kwa mabwana. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani apeleke madai yake yaandikwe, na isiyodaiwa iwe mali ya Taji, yaani ya serikali ya Kiingereza. Yaani mtu aliyekuwa mtumwa alipata uhuru wake mwaka mmoja kabla ya daftari kufunguliwa, na hakuwa na chochote cha kuandikisha ila mikono yake. Mdigo naye alikuwa na ukoo, alikuwa na minazi, alikuwa na wazee wa kushuhudia, na sheria iliyotaka mipaka na mwenye jina moja haikujua afanyiwe nini. Waliojua njia ya ofisini, wenye kuandika Kiarabu au Kiingereza, wenye mawakili, ndio waliotoka na hati. Ardhi kubwa iliyobaki ikawa ya serikali, na sehemu zake zikagawiwa makampuni ya mashamba.

Uhuru haukufuta daftari hilo. Mwezi wa kumi mwaka 1963, Kenya na Zanzibar zilipokubaliana kwamba ukanda wa maili kumi wa pwani, uliokuwa milki ya Sultani, uwe sehemu ya Kenya, hati zilizokwisha kuandikwa zililindwa. Kulikuwa na sababu nzuri: watu wa pwani waliogopa kunyang'anywa. Ila ulinzi huo ulilinda pia dhuluma ya 1908. Hivyo ndivyo pwani ilivyopata neno skwota, likabandikwa watu wanaoishi pale walipozikwa babu zao. Skwota wa pwani si mtu aliyevamia. Mara nyingi ana nyumba, ana minazi, ana kisima alichochimba, na kila kimoja kati ya hivyo ni chake. Kisicho chake ni ardhi tu.

Mkoko ulikwenda njia nyingine. Huu haukupandwa na mtu, kwa hiyo hapakuwa na wa kusema ni wake peke yake. Ulikuwa wa kukatwa kwa kiasi, na waliokata walijua miti kwa majina na kwa kazi. Mlilana hutangulia kuelekea maji. Mkoko wenyewe hufuata, na mizizi yake kama magoti. Muia na mkandaa hukaa ndani zaidi, na mchu huvumilia chumvi mahali ambapo mingine imeshindwa. Nguzo za biashara zilipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na ziliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Nyumba za mawe za mwambao huu zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Majahazi yalizipeleka Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti, zikajenga nyumba za huko.

Mwaka 1932 serikali ilitangaza mikoko ya Kenya kuwa msitu wa serikali. Tangu siku hiyo kukata boriti kulihitaji kibali, na kibali kilikuwa rahisi kwa mwenye lori kuliko kwa mwenye shoka. Miaka ya 1970 ndiyo iliyoiumiza Gazi vibaya zaidi. Mikoko ilikatwa kwa wingi kulisha matanuri ya chokaa na ya matofali. Sehemu za ufuo zilibaki uchi kabisa, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjikia mizizini yakaanza kula mchanga. Mbegu za mkoko zilianguka, zikabebwa na maji, hazikushika. Waliofaidika na kuni zile hawakuwa watu wa ghuba.

Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha nguzo za mikoko nje ya nchi, na mwaka 1997 ikaja marufuku ya kukata hata kwa matumizi ya ndani. Ninaelewa kwa nini. Lakini tazama mzigo ulivyoanguka. Msitu ulimalizwa na biashara kubwa yenye vibali, na adhabu ikamfikia mzee anayetaka mazio manne ya kubadilisha paa lililooza. Kukata alikofundishwa na baba yake, kwa kuchagua mti na kuacha mingine, kukaitwa kosa sawasawa na kufyeka. Sera inayoshindwa kutofautisha mambo hayo mawili huwafanya majirani wa msitu kuwa maadui wake, na maeneo mengi ya pwani yameona hivyo: mikoko hukatwa usiku na watu ambao wangeweza kuwa walinzi wake wa mchana.

Gazi ilinusurika mwisho huo kwa sababu ya kazi iliyoanza mwaka 1991, zaidi ya miaka 20 kabla ya dunia kusikia habari ya kaboni yake. Taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, KMFRI, ilianza majaribio ya kupanda mikoko katika sehemu zile zilizofyekwa, na mwanasayansi James Kairo ameifanya ghuba hii kuwa kazi ya maisha yake. Watafiti kutoka Ubelgiji na Uskoti nao walikuja na kurudi. Leo ni vigumu kupata ghuba ya mikoko barani Afrika iliyopimwa kuliko hii. Katika machapisho yote hayo, watu wa Gazi hutajwa katika mstari wa shukrani. Wao ndio waliotembea kwenye tope na miche. Walijua saa ya bamvua na saa ya maji mafu. Walijua pia kwamba ukipanda mkoko mahali pa mchu unapoteza miche na mwaka mzima. Kupanda mikoko hushindwa sana duniani kwa sababu hiyo hasa, mti sahihi kuwekwa mahali pasipo pake, na sayansi ilijifunza mengi kutoka kwa miguu ya watu hawa.

Kisha ukaja mradi wa Mikoko Pamoja, mwaka 2013, wa kwanza duniani wa kijiji kulinda na kurejesha mikoko kwa fedha za kaboni. Gazi na jirani yake Makongeni, kupitia jumuiya ya msitu ya Gogoni-Gazi, waliingia mkataba na Huduma ya Misitu ya Kenya wa kusimamia hekta 117. Mahesabu yalionyesha kwamba kuulinda msitu huo na kupanda mwingine kunazuia karibu tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Shirika la hisani lililoko Uskoti linauza tani hizo kwa watu na makampuni wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na fedha zinarudi. Kamati iliyochaguliwa kijijini huitisha baraza, na watu husema wanataka nini: maji ya bomba, vitabu vya shule, ukarabati wa madarasa. Mivinje ilipandwa kando ili ipatikane miti ya kujengea bila kuingia mikokoni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 Vanga na vijiji jirani zake, mpakani na Tanzania, wakaanza wa kwao kwa kuiga Gazi.

Nausifu mradi huu bila kusita. Katika biashara zote ambazo dunia imefanya na mkoko wa Gazi, hii ndiyo ya kwanza inayoacha mti umesimama, na ya kwanza ambayo mwanakijiji amekaa mezani. Fedha zinaonekana kwenye bomba, na anayetaka kuuliza zilikwenda wapi anajua mlango wa kubisha. Pwani yetu imejaa miradi ambayo ripoti zake zinasomwa Nairobi na Ulaya tu, kwa hiyo hilo si jambo dogo.

Ila kuusifu hakutuzuii kupiga hesabu. Katika miaka yake ya mwanzo mradi uliingiza takribani dola 12,000 hadi 15,000 za Marekani kwa mwaka. Wakazi wa Gazi na Makongeni ni zaidi ya 5,000. Ukigawa, kila mtu anapata chini ya dola 3 kwa mwaka. Fedha hizo zikikusanywa pamoja zinaleta maji, na maji ni uhai, nakubali. Lakini haziwezi kuwa jibu la umaskini wa kijiji, na wanaozungumza kana kwamba kaboni itawaokoa watu wa pwani wanapaswa kuitazama hesabu hii kwanza. Zaidi ya hapo, kinachouzwa ni ukuaji wa mti. Si mti, si udongo. Kutoka kuuza nguzo hadi kuuza pumzi ya mti, mali ya mwanakijiji imezidi kuwa nyepesi, huku udongo ukibaki ulipowekwa mwaka 1932.

Na udongo ndio wenye hazina. Katika msitu wa mikoko, sehemu kubwa ya kaboni haiko kwenye shina wala kwenye majani. Iko chini, kwenye tope jeusi lisilo na hewa, ambamo majani na mizizi hurundikana bila kuoza upesi, karne baada ya karne. Msitu ukifyekwa na tope likachimbuliwa, kaboni hiyo hurudi angani. Dunia inaitaka Gazi kwa ajili ya udongo wake, basi swali la nani mwenye udongo huo haliwezi tena kuachwa kama jambo la historia.

Sheria inasemaje? Katiba ya 2010, katika kifungu cha 62, inaweka kati ya ardhi ya umma misitu ya serikali, na pia ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Mikoko ya Gazi inaangukia pande zote mbili. Kifungu cha 63 kinafungua mlango mwingine: ardhi inayotumiwa na jamii kama misitu ya jamii au mahali patakatifu ni ardhi ya jamii. Mfano hauko mbali. Katika wadi hiyo hiyo kuna Kaya Kinondo, msitu uliolindwa na wazee wa Kidigo kwa miiko yao, na mwaka 2008 makaya ya Wamijikenda, Kinondo ikiwemo, yaliingizwa katika urithi wa dunia. Wazee hao hawakuhitaji kufundishwa uhifadhi na mtu yeyote.

Sidhani kwamba tope la maji kupwa na kujaa litatolewa hati ya kijiji, na sidai hivyo. Pwani ikigawanywa kwa hati hadi ndani ya maji, wa kwanza kununua watakuwa wenye hoteli, na mvuvi atakuta ukuta mahali pa kutega malema. Kaya Chale, hapo jirani, tayari ilijengwa hoteli ndani yake. Kwa hiyo mikoko kuwa ya umma naona ni kinga. Ninachodai ni ardhi kavu: viwanja vya nyumba na mashamba ya minazi nyuma ya mikoko. Mtu anayelinda msitu wa umma usiku na mchana, huku kiwanja anacholala hakina hati, amebeba jukumu la raia bila haki ya raia. Akihamishwa kesho, mkataba wa kaboni hautamlinda, na msitu nao utakuwa umepoteza mlinzi.

Fedha za kaboni zina upungufu mwingine usiozungumzwa vya kutosha, nao ni nani anayekaa kwenye kamati na nani anayekosa samaki. Pale bandarini kuna tajiri, anayewakopesha wavuvi chombo na nyavu kisha huchukua samaki wakubwa kwa bei yake. Kuna mama karanga, anayenunua samaki wadogo, akawakaanga na kuwauza kijijini. Samaki wakipungua, tajiri huwahi, kwa sababu wavuvi wana deni lake. Mama karanga hubaki ufukweni na ndoo tupu. Yeye hana mkataba na mtu yeyote wa Uskoti, lakini biashara yake inategemea mikoko kuliko ya tajiri, kwa kuwa samaki wadogo hukulia humo. Wanawake wa Gazi walijenga njia ya mbao ndani ya mikoko, wakawa wanatembeza wageni na kupika, na mapato hayo wanayagawa wenyewe. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuigwa kuliko tuzo yoyote: mapato yanayofika moja kwa moja mkononi mwa mwanamke anayeujua msitu.

Halafu kuna mto. Kila mpango wa kulinda ghuba hii huanzia ufukweni, na matatizo yake mengi huanzia bara. Mkurumudzi unashuka kutoka vilima vya Shimba, ukapita mashamba ya miwa, na ukazuiwa na bwawa lililojengwa kuhudumia mgodi wa mchanga wa titani uliochimba Kwale kuanzia mwaka 2013 hadi mwisho wa 2024. Kiasi cha maji matamu kinachofika ghubani, na kiasi cha udongo kinachobebwa, vinaamua kama mlilana utasimama au utazikwa. Mgodi umefungwa. Bwawa lipo. Nani ataamua lango lifunguliwe lini, na kamati ya Mikoko Pamoja itakuwa na sauti gani katika uamuzi huo? Kijiji kimepewa wajibu wa hekta 117 kwenye mdomo wa mto bila neno lolote juu ya mto wenyewe.

Tangu mwaka 2023 Kenya ina marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi yanayotaka miradi ya kaboni inayotumia ardhi iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato, kwa mkataba wa maendeleo ulioandikwa. Ni sheria njema kwa kaunti ambako madalali wa kaboni wanapita na karatasi za kutiwa sahihi. Lakini inampa kinga anayetambuliwa kuwa jamii ya mahali hapo, na pwani swali la nani ni wa mahali hapo ndilo lililoachwa wazi tangu 1908. Skwota anaweza kuambiwa kwamba fungu hilo si lake. Tusipoziba pengo hilo, asilimia 40 itafuata daftari lile lile la zamani.

Mkataba wa kaboni wa Gazi ulihesabiwa kwa miaka 20, hadi 2033. Kabla ya kutia sahihi mwingine, kijiji kina nguvu ambayo hakijawahi kuwa nayo, maana safari hii mnunuzi, serikali na watafiti wote wanakihitaji. Madai matatu yawe mezani kabla ya bei ya tani. La kwanza, serikali ya kaunti ya Kwale na Tume ya Taifa ya Ardhi wapime viwanja vya Gazi na Makongeni na kuwapa hati wanaoishi humo, minazi yao ikihesabiwa kuwa ushahidi wa makazi. La pili, wanawake, mama karanga wakiwemo, wawe na viti vyao kwenye kamati kwa kanuni iliyoandikwa, si kwa hisani. La tatu, kamati iwe na mwakilishi katika chombo chochote kitakachosimamia bwawa la Mkurumudzi. Upimaji ndio utakaochukua muda mrefu zaidi, na wazee wanaojua mnazi gani ulipandwa na nani wanapungua kila mwaka, kwa hiyo ushahidi wao uanze kuandikwa sasa, shamba kwa shamba, wao wakiwa bado wanaweza kutembea.